Sura ya Tano: Jesse Boot na Duka la Goose Gate

Jesse Boot, ambaye jina la ukoo wake limekaa juu ya milango ya maduka ya dawa ya miji ya Uingereza kwa zaidi ya karne moja, hakuwahi kusajiliwa kuwa mfamasia, na elimu yake ya darasani ilikoma alipokuwa na umri wa miaka 13. Hakugundua kemikali yoyote mpya, wala hakuacha nyuma yake kanuni ya kisayansi inayobeba jina lake. Alichokifanya ni kuwauzia watu wa kipato cha chini, kwa peni chache, sabuni, chumvi, dawa na poda ambazo kabla yake zilipimwa kidogokidogo na kuuzwa kwa bei ya kuwafaa wenye nacho, na katika kufanya hivyo aliibadili kazi ya mfamasia wa Kiingereza kiasi kwamba wafamasia wenyewe walimpeleka mbele ya macho ya umma kama adui wa taaluma yao. Habari zake husimuliwa mara nyingi kama habari za mtu mmoja aliyejiinua kwa nguvu zake mwenyewe, lakini usimulizi huo una kasoro, kwa sababu duka lilisimamishwa na mama yake baada ya baba kufariki, na likapata sura yake ya duka la utunzaji wa mwili kwa mikono ya mke wake. Sura hii inawapa wanawake hao wawili nafasi wanayostahili.

Nottingham, mji alikozaliwa Jesse tarehe 2 Juni 1850, ulikuwa mji wa viwanda vya lesi na soksi uliokuwa umebanwa vibaya na ardhi yake yenyewe. Mashamba yaliyouzunguka yalikuwa malisho ya pamoja ambayo wenye haki juu yake hawakutaka yajengwe, kwa hiyo hadi sheria ya mwaka 1845 ilipoyafungua, wafanyakazi waliomiminika mjini walirundikwa katika vichochoro na nyua zilizojengwa mgongo kwa mgongo, ambako hewa haikupita na uchafu haukuwa na pa kwenda. Kipindupindu kilipoingia mwaka 1832 kiliua watu wengi katika mitaa hiyo. Hata hivyo mji huohuo ulikuwa na bahati moja ambayo miji mingi ya Ulaya haikuwa nayo, kwani mhandisi Thomas Hawksley alikuwa amejenga mwaka 1831, karibu na daraja la mto Trent, mitambo iliyosukuma maji safi katika mabomba kwa shinikizo la kudumu, mchana na usiku, badala ya kuyafungulia kwa saa chache tu. Mwaka 1853 serikali nayo ikafuta kodi ya sabuni iliyokuwa ikitozwa tangu 1712. Maji yakawa yanapatikana, sabuni ikashuka bei, na watu waliokwisha kuona jinsi maradhi yanavyofyeka mtaa mzima wakawa tayari kutoa peni yao ya mwisho kwa kitu chochote kilichoahidi usafi na afya. Bila mazingira hayo biashara ya Boot isingekuwa na wateja.

Baba yake, John Boot, alikuwa kibarua wa mashambani kutoka Radcliffe-on-Trent, kijiji kilichopo mashariki ya mji, na alikuwa Mmethodisti, yaani mfuasi wa dhehebu lililoanzishwa na John Wesley katika karne ya 18, ambalo lilisisitiza kiasi, bidii na kuwajali maskini. Alivutwa na mfumo wa tiba ya mitishamba ulioasisiwa Marekani na Samuel Thomson na kuletwa Uingereza na Albert Coffin, ambao wafuasi wake waliamini kwamba ugonjwa ni kupungua kwa joto la mwili, na kwamba joto hilo hurudishwa kwa mimea, hasa lobelia ya kutapisha na pilipili kali ya kuchemsha damu. Mtu wa leo anaweza kuyaona mafundisho hayo kuwa ni kubahatisha, lakini ni haki kukumbuka kwamba madaktari wenye vyeti wa zama hizo walikuwa bado wakiwatoa wagonjwa damu na kuwanywesha michanganyiko ya zebaki, ambayo ni sumu, na kwamba walitoza ada ambayo mfuma soksi hakuweza kuilipa. Mitishamba ilikuwa tiba ya wasio na daktari. Mwaka 1849 John alifungua duka lake la mitishamba katika mtaa wa Goose Gate, katikati ya wafanyakazi wa lesi, akauza mizizi, majani na magome, akatoa na ushauri juu ya matumizi yake.

Alifariki mwaka 1860, mwanawe akiwa na umri wa takriban miaka 10. Mjane wake, Mary, angeweza kulifunga duka na kutafuta kazi ya kushona kama walivyofanya wajane wengi wa mji ule, lakini aliliendesha, akisaidiwa na jamaa na marafiki wa kanisani, na kijana wake akakulia ndani ya kazi yenyewe. Kazi hiyo haikuwa ya kukaa nyuma ya kaunta na kusubiri mteja. Mimea ilipaswa kuchumwa porini au kununuliwa mbichi, kutandazwa na kukaushwa pasipo kuoza, kutwangwa, kuchekechwa, kupimwa kwa wakia na kufungwa katika karatasi, na kosa dogo katika kukausha lilitosha kuharibu mzigo wa wiki nzima. Jesse aliacha shule akiwa na miaka 13 ili afanye kazi hiyo muda wote, huku akijisomea ufamasia katika saa za mapumziko. Mwaka 1871, alipotimiza miaka 21, mama na mtoto wakawa wabia, na duka likabeba herufi za mwanzo za majina yao wote wawili. Muongo mzima uliotangulia ubia huo ni wa Mary, na si rahisi kuona ni nini ambacho Jesse angekirithi laiti mama yake asingeubeba.

Mitishamba, hata hivyo, ilikuwa inapoteza soko. Katika miaka ya 1870 mfanyakazi wa Kiingereza, ambaye mshahara wake ulikuwa umeanza kupanda, alipendelea dawa za chapa, yaani dawa zilizotengenezwa kiwandani kwa kanuni ya siri, zikafungwa katika kisanduku au chupa yenye jina la mtengenezaji na stempu ya kodi ya serikali, na kutangazwa magazetini kwa ahadi kubwa kubwa. Vidonge vya Thomas Beecham ni mfano unaojulikana zaidi. Wenye maduka walikuwa na mapatano yasiyoandikwa ya kuziuza kwa bei iliyochapwa juu ya kisanduku, ambayo iliwaachia faida nono. Jesse Boot aliyakataa mapatano hayo. Mwaka 1877, alipochukua usimamizi kamili wa duka kutoka kwa mama yake, alitangaza katika gazeti la mji orodha ndefu ya dawa na bidhaa za nyumbani pamoja na bei zake zilizopunguzwa, jambo ambalo wenzake waliliona kuwa ni utovu wa adabu ya kibiashara. Alinunua kwa jumla na kwa fedha taslimu ili apate punguzo kutoka kwa wasambazaji, na aliuza kwa fedha taslimu tu, bila daftari la madeni, kwa sababu duka linalokopesha hulazimika kuwatoza wanaolipa ili kufidia wasiolipa. Faida kwa kila kisanduku ilikuwa ndogo. Wingi wa visanduku ndio uliomlipa.

Mfano wa chumvi ya haluli, ambayo wanakemia huiita salfeti ya magnesiamu na Waingereza huiita kwa jina la mji wa Epsom ilikopatikana mara ya kwanza, unaonyesha hesabu hiyo kwa karibu. Ni chembe nyeupe zinazoyeyuka majini, chungu mdomoni, ambazo hulegeza tumbo zikinywewa na hutuliza miguu iliyochoka zikitiwa katika beseni la maji ya moto, na hakuna nyumba ya Kiingereza ya wakati ule iliyokosa haja nayo. Kwa kawaida wafamasia waliiuza peni moja kwa wakia, yaani takriban gramu 28, wakiipima kwa mizani ndogo na kuifunga kwa karatasi nyeupe kana kwamba ni dawa adimu, ilhali kiwandani ilizalishwa kwa tani na gharama yake ilikuwa ndogo mno. Boot alinunua shehena, akairundika dukani ambako kila apitaye aliiona, akamlipa mpiga mbiu atembee mitaani akigonga kengele, na akaiuza peni moja kwa ratili. Ratili moja ni wakia 16. Mteja aliyezoea kutoa peni na kupata kikaratasi kidogo sasa alitoka na mfuko uliojaa, na alipofika nyumbani aliwaambia majirani bila kulipwa kufanya hivyo. Muhimu zaidi ni kwamba alielewa, pengine kwa mara ya kwanza, ni kiasi gani cha bei ya zamani kilikuwa ni malipo ya dawa na ni kiasi gani kilikuwa ni malipo ya heshima ya muuzaji.

Hapo ndipo ugomvi na wafamasia ulipoiva, na ugomvi huo unahitaji kuelezwa kwa uadilifu kwa pande zote mbili. Chama cha Wafamasia cha Uingereza kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1841 ili kuitoa kazi ya kuuza dawa katika mikono ya kila mtu mwenye rafu na mizani, na kilikuwa na sababu nzuri za kufanya hivyo. Mwaka 1858, katika mji wa Bradford, msaidizi wa duka la dawa alipima aseniki, ambayo ni sumu kali nyeupe inayofanana na unga, akidhani ni unga wa kuongezea pipi, na watu wapatao 20 walikufa baada ya kula pipi hizo, wengi wao wakiwa watoto. Sheria ya Ufamasia ya mwaka 1868 iliamua kwamba sumu zilizotajwa katika orodha maalumu, zikiwamo aseniki, strikinini na afyuni, ziuzwe tu na mtu aliyefaulu mtihani na kusajiliwa, na kwamba mtu huyo pekee ndiye aruhusiwe kujiita mfamasia. Lakini sheria hiyohiyo ilizisamehe dawa za chapa, hata zile zilizokuwa na afyuni ndani yake, na mlango huo uliobaki wazi ndio uliomwezesha mtu asiye na cheti kama Boot kujaza rafu zake.

Mlango wa pili ulifunguliwa na majaji. Mwaka 1880 Baraza la Malodi, ambalo wakati huo lilikuwa pia mahakama ya juu kabisa ya rufaa, liliamua katika kesi iliyofunguliwa na Chama cha Wafamasia dhidi ya kampuni moja ya ugavi ya London kwamba sheria ya 1868 iliposema mtu ilimaanisha mwanadamu, wala si kampuni, na kwa hiyo kampuni ingeweza kuendesha duka la dawa alimradi aliyepima na kukabidhi sumu awe ni mtu mwenye sifa. Boot aliisoma hukumu hiyo kwa makini kuliko wafanyabiashara wengi wa zama zake. Mwaka 1883 aliisajili biashara yake kuwa kampuni yenye dhima ya kikomo, yaani kampuni ambayo mwanahisa wake hawezi kudaiwa zaidi ya thamani ya hisa alizonunua, na mwaka uliofuata akamwajiri Edwin Waring, mfamasia mwenye cheti, ambaye aliandaa dawa zilizoandikwa na madaktari kwa takriban nusu ya bei iliyotozwa kwingineko mjini.

Je, wafamasia walidhulumiwa? Waliona miaka yao ya uanagenzi na ada za mitihani zikitumiwa na mtu aliyeweza kumwajiri mmoja wao kwa mshahara na kisha kumshinda mwingine kwa bei, na katika hilo malalamiko yao yana uzito. Pia walisema kweli waliposema kwamba sehemu kubwa ya dawa za chapa zilizouzwa na Boot hazikuponya ugonjwa wowote, na mwandishi yeyote anayemsifu Boot bila kulitaja hilo anamficha msomaji jambo la msingi. Lakini walipodai kwamba bei ndogo lazima iwe na maana ya dawa mbovu, hawakuwa na ushahidi. Uchakachuaji wa vyakula na dawa ulikuwa janga la kweli lililolilazimu Bunge kutunga sheria kali mwaka 1875, na ulistawi zaidi katika maduka madogo yaliyonunua kwa wakala asiyejulikana kuliko katika kampuni kubwa yenye uwezo wa kupima mzigo wake. Mwaka 1888 Boot aliipa kampuni jina jipya lililotangaza wazi kwamba dawa zake ni safi zisizochanganywa, Boots Pure Drug Company, na jina hilo likawa ahadi ambayo mteja angeweza kumdai.

Wakati huo duka la Goose Gate lilikuwa limejengwa upya kwa mbele yenye vioo vipana na nguzo nyembamba za chuma, ili bidhaa zionekane kutoka barabarani hata usiku, na matawi ya kwanza nje ya Nottingham yalikuwa yamefunguliwa Sheffield na Lincoln mwaka 1884. Utengenezaji wa bidhaa za kampuni yenyewe ulianza mwaka 1885. Umuhimu wa hatua hiyo ulionekana baada ya mwaka 1896, watengenezaji na wauzaji wa dawa za chapa walipounda chama cha kulinda bei, ambacho kilimnyima bidhaa muuzaji yeyote aliyezishusha. Duka lililotegemea bidhaa za wengine lingebanwa hadi likae kimya, ilhali Boot aliweza kuweka karibu na dawa ya meno ya mtu mwingine dawa ya meno yake mwenyewe, aliyoitengeneza katika majengo yake ya Island Street, na kuipangia bei aitakayo.

Kufikia katikati ya miaka ya 1880 alikuwa amechoka kupindukia. Alifanya kazi tangu alfajiri hadi usiku wa manane, hakuwa na familia yake mwenyewe, na afya yake ilianza kuporomoka kiasi kwamba alifikiria kuiuza biashara. Alikwenda kupumzika katika kisiwa cha Jersey, kilichopo karibu na pwani ya Ufaransa, na huko akakutana na Florence Rowe, binti wa muuza vitabu na karatasi wa mji wa St Helier. Walioana mwaka 1886. Florence alikuwa amelelewa dukani kama Jesse, lakini duka la namna nyingine kabisa, ambako mteja haingii kwa sababu anaumwa bali kwa sababu anapenda kutazama, kushika na kuchagua, na ujuzi huo ndio alioingia nao katika biashara ya mumewe.

Kabla ya Florence, duka la Boot lilikuwa mahali pa kukimbilia mtoto anapokohoa. Yeye aliongeza vifaa vya kuandikia, fremu za picha, zawadi, na zaidi ya yote sabuni za kuogea, manukato, poda, brashi na mafuta ya nywele, akavipanga mahali ambapo mwanamke angeweza kusimama bila kuharakishwa. Katika matawi makubwa kukawa na migahawa ya kunywa chai. Mwaka 1898 ilianzishwa maktaba ya kuazimisha vitabu, ambayo mwanachama wake alilipa ada ndogo na kuchukua kitabu chenye alama ya ngao ya kijani, na kwa kuwa maktaba hiyo iliwekwa nyuma ya duka au ghorofani, kila aliyefuata riwaya alipita kwanza kati ya meza za sabuni na manukato, akienda na akirudi. Maktaba hizo zilidumu hadi mwaka 1966. Kwa wanawake wa tabaka la kati wa miji midogo, ambao hawakuwa na sehemu nyingi za kwenda peke yao pasipo kunong'onwa, duka la dawa lenye chai na vitabu lilikuwa ni mahali pa staha, na kwa binti wa kiwandani ambaye kipato chake kilimwezesha kununua kipande kimoja tu cha sabuni yenye harufu nzuri kwa mwezi, kaunta ileile ilimpokea bila kumdharau. Florence alijishughulisha pia na hali za wasichana walioajiriwa, afya yao na chakula chao. Ni vigumu kupima kwa takwimu mchango wake wote, lakini anayelinganisha duka la 1877 na matawi ya 1900 anaona maduka mawili tofauti, na tofauti hiyo ina alama ya mkono wake kila mahali.

Biashara ilikua kwa kasi. Kufikia mwaka 1914 matawi yalizidi 500. Sheria ya mwaka 1908 ilimaliza ugomvi wa zamani kwa kuziruhusu kampuni kutumia jina la ufamasia mradi ziwe na mfamasia msimamizi mwenye cheti, na mwaka uliofuata Jesse akapewa cheo cha heshima na Mfalme. Vita Kuu ya Kwanza ilipokata kemikali zilizokuwa zikitoka Ujerumani, nchi iliyotawala sekta hiyo, kampuni ililazimika kutengeneza yenyewe aspirini, sakarini na vidonge vya kusafishia maji ya askari, na kwa hiyo duka lililoanza kwa kukausha majani likajikuta linaajiri wanakemia wa kweli.

Jesse mwenyewe, hata hivyo, alikuwa tayari mgonjwa. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 baridi yabisi ilikuwa imeshika viungo vyake, ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kushambulia utando unaolainisha maungio ya mifupa, ukayavimbisha na kuyapinda taratibu, hadi mtu aliyetembea maduka yake yote akawa hawezi kutembea bila kubebwa au kusukumwa. Maelfu ya dawa zilizopita katika ghala zake hazikuwa na hata moja ya kumfaa. Mwaka 1920, bila imani kwamba mwanawe John angeweza kumrithi, aliiuza kampuni kwa United Drug Company ya Marekani, iliyoongozwa na Louis Liggett, kwa pauni milioni 2.275. Kuhusu mwanawe alikosea. John Boot aliingia katika uenyekiti mwaka 1926 chini ya wamiliki wa Kimarekani, na mdororo wa uchumi ulipowalazimisha wamiliki hao kuuza mwaka 1933, kampuni ilirudi katika mikono ya Waingereza naye akiwa kiongozi wake. Mwaka huohuo lilifunguliwa tawi la 1,000, katika mji wa Galashiels wa Scotland, na pia kiwanda cha Beeston kilichobuniwa na mhandisi Owen Williams kwa zege na vioo, ambacho kilizalisha kwa kasi kubwa kiasi kwamba bidhaa zilianza kuzidi mahitaji. John hakuwapunguza wafanyakazi. Mwaka 1934 alipunguza wiki ya kazi kuwa siku tano pasipo kukata mshahara. Mwaka 1935 ilitoka chapa ya vipodozi ya No7, katika vifungashio vya buluu na njano, na mwaka 1939 mafuta ya Soltan ya kukinga ngozi dhidi ya jua. Hizo ni bidhaa za kizazi cha Florence zaidi kuliko cha chumvi ya haluli.

Fedha za mauzo ya 1920 zilikwenda kwa kiasi kikubwa Nottingham. Jesse alitoa ardhi ya Highfields na gharama za majengo ya chuo kikuu cha mji huo, yaliyofunguliwa na Mfalme George wa Tano mwaka 1928, na hapohapo likajengwa bweni la wanafunzi wa kike linaloitwa kwa jina la Florence Boot. Alitunukiwa ubaroni wa Trent mwaka 1929, akafariki Jersey tarehe 13 Juni 1931. Florence aliishi miaka 21 zaidi. Kwa kumbukumbu ya mumewe alimwomba René Lalique, fundi wa kioo wa Ufaransa ambaye dunia ilimfahamu kwa chupa zake za manukato, alipambe upya kanisa la St Matthew la Jersey, na kazi hiyo, iliyokamilika mwaka 1934, ilijaza kanisa msalaba, nguzo, uzio na beseni la ubatizo vya kioo cheupe chenye ukungu.

Katika maabara za kampuni kazi iliendelea kwa njia ambayo mwasisi wake asingeweza kuitabiri. Mwaka 1953 Stewart Adams, mfamasia aliyeanza Boots kama mwanagenzi akiwa na miaka 16, alipewa jukumu la kutafuta dawa ya baridi yabisi ambayo mgonjwa angeweza kuimeza kwa muda mrefu bila madhara ya dozi kubwa za aspirini, ambayo huunguza tumbo na kulitoa damu. Yeye na mwanakemia John Nicholson, wakianzia katika chumba cha nyumba ya zamani ya kuishi nje kidogo ya Nottingham, walijaribu zaidi ya kampaundi 600, wakaziacha moja baada ya nyingine, baadhi baada ya kufikia wagonjwa na kuonekana zinawatoa vipele au kuathiri maini. Iliyobaki ilisajiliwa kwa hataza iliyoombwa mwaka 1961. Ni ibuprofeni, ambayo hupunguza maumivu na uvimbe kwa kuzuia vimeng'enya vinavyotengeneza prostaglandini, kemikali za mwili zinazoamsha maumivu, uvimbe na homa. Ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1969 kwa cheti cha daktari, kwa jina la Brufen, na mwaka 1983 ikaruhusiwa kuuzwa bila cheti. Mwaka 1995 Boots iliuza kitengo chake cha utafiti wa dawa kwa kampuni ya BASF ya Ujerumani na kubaki na maduka na vipodozi, lakini jina lililobuniwa Nottingham liliendelea na safari yake, na katika maduka ya dawa ya Dar es Salaam na Mombasa bado wapo wateja wengi wanaoomba Brufen bila kujali ni kiwanda gani kilichotengeneza kidonge wanachopewa.